Punguzo Hilo Linatoka Mfuko wa Nani?

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa wenzetu walioko Uingereza wanaotaka gari jipya, la petroli au la dizeli, moja kwa moja kutoka shoruumu. Niliuza magari mapya Coventry kwa miaka mingi kabla ya kuiacha kazi ile, kwa hiyo nimeketi upande wa pili wa meza mnayoiogopa. Nitangulize hili moja, maana majibu yote yanalitegemea: punguzo la gari jipya halitoki mahali pamoja. Kuna fedha za kiwanda, kuna faida ya shoruumu yenyewe, na kuna fedha za kampuni inayokopesha. Muuzaji huzikoroga zote akakupa tarakimu moja ya kila mwezi. Mnunuzi anayetaka haki yake huzitenganisha kwanza, ndipo aanze kupatana bei.

*Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi hapa Leicester. Nimejinyima hadi nikapata akiba ya kununua gari dogo la petroli bila kukopa. Bei yake pamoja na usajili na kodi ya mwaka wa kwanza ni pauni 27,000. Nilipomwambia muuzaji nalipa taslimu, akanipunguzia pauni 600. Akasema nikichukua mkopo wa PCP, ule wa malipo madogo ya kila mwezi na malipo makubwa mwishoni, kwa riba ya asilimia 6.9, kiwanda kitanichangia 1,500 kwenye malipo ya awali. Mbona mwenye pesa zake anaadhibiwa?*
*— Muuguzi, Leicester*

Marahaba, mwanangu. Una haki ya kuudhika. Viwanda vikubwa vina kampuni zao za mikopo. Ukikopa huko, kiwanda kinavuna riba kwa miaka mitatu au minne, na PCP ikiisha unabakiwa na malipo makubwa ya mwisho ambayo wengi hawanayo mkononi. Hufanya nini? Hurudisha gari na kuchukua jingine palepale. Zile 1,500 ni chambo cha kukuingiza kwenye mzunguko huo. Shoruumu nayo hulipwa kamisheni kwa mkopo inaouza, na anayekuja na pesa taslimu hawaletei kamisheni hiyo.

Kamisheni hizo si jambo dogo. Zamani muuzaji aliweza kukupandishia riba ili kamisheni yake inenepe, hadi FCA, mamlaka inayosimamia mambo ya fedha, ilipopiga marufuku mtindo huo Januari 2021. Agosti 2025 Mahakama ya Juu iliamua kesi tatu za kamisheni za mikopo ya magari. Mnunuzi mmoja alishinda, na katika kesi yake kamisheni ilifika asilimia 55 ya gharama yote ya mkopo. Zaidi ya nusu ya alicholipia mkopo ule ilikwenda kwa aliyemuuzia gari! Kwa hiyo uliza bila haya: mnalipwa kiasi gani kwa mkopo huu?

Sasa tushike kalamu. Zile 600 zimetoka kwenye faida ya shoruumu. Zile 1,500 zinatoka kiwandani. Ni mifuko miwili, na hakuna sababu ya lazima ya mmoja kufungwa kwa kuwa mwingine umefunguliwa. Rudi umwambie: nitachukua PCP, lakini 600 zangu zibaki palepale. Hilo ni swali ambalo meneja hapendi kuulizwa, na mara nyingi hukubali, kwa sababu kamisheni ya mkopo inamfidia. Akikubali, bei imeshuka kwa 2,100 na kuwa 24,900. Weka 4,900 za kwako, kopa 20,000.

Kisha unaulipa mkopo wote. Sheria ya mikopo ya mwaka 1974 inakupa siku 14 za kujitoa kwenye mkataba wa mkopo bila kueleza sababu. Gari linabaki lako. Unachorudisha ndani ya siku 30 ni fedha ulizokopeshwa pamoja na riba ya siku ulizokaa nazo. Kwa 20,000 kwa asilimia 6.9, riba ni kama pauni 3.78 kwa siku. Siku 14 ni pauni 53 hivi. Lakini soma mkataba kwa makini kabla ya kutia saini: mingine inasema ukijitoa ndani ya siku hizo, mchango wa kiwanda unarudi. Ukiona kifungu hicho, usijitoe. Anza kulipa kama kawaida, halafu omba kumaliza deni mapema, ambayo nayo ni haki yako kisheria. Hapo mkopeshaji anaweza kukuhesabia riba ya takriban miezi miwili ya ziada, yaani pauni 220 hivi, pamoja na ile ya siku zilizopita. Bado uko mbele sana ya mtu aliyeondoka na punguzo la 600.

Kuna mfuko wa nne kwa watu wa kazi yako. Viwanda kadhaa vina bei maalumu kwa wafanyakazi wa NHS, huduma ya afya ya taifa, na Blue Light Card, kadi ya punguzo ya watu wa afya na dharura, hufungua milango kama hiyo, hata kwa wanaotunza wazee. Kwa kawaida bei hiyo haichanganywi na ofa nyingine, basi omba hesabu zote mbili kwa maandishi, uziweke sambamba na uangalie jumla ya mwisho, si malipo ya mwezi.

Na arabuni lipa kwa kadi ya mkopo, hata kama ni pauni chache tu. Gari lisilozidi 30,000 linalindwa na kifungu cha 75 cha sheria ileile: shoruumu ikifilisika kabla hujakabidhiwa gari, kampuni ya kadi inawajibika kwa bei yote, hata sehemu uliyolipa kwa njia nyingine.

*Asalaam alaykum dada. Nipo Reading, nina watoto wanne na gari letu limechoka. Jamaa zangu wanasema nisubiri Machi. Wengine wanasema nikatafute gari la "pre-reg". Nani yuko sawa?*
*— Baba wa wanne, Reading*

Waalaykum salaam, kaka. Wote wamegusa jambo la kweli, ila nusunusu.

Tangu 1999, nambari mpya za magari hapa hutoka mara mbili kwa mwaka, tarehe 1 Machi na tarehe 1 Septemba. Watu hukimbilia siku za mwanzo ili waonekane na pleti mpya, na shoruumu ikijaa watu namna ile hakuna wa kukubembeleza. Ukiingia tarehe 3 Machi utalipa karibu kile kilichoandikwa. Ingia siku za mwisho za Machi. Kiwanda huwapa shoruumu lengo la magari kwa kila robo mwaka, na likifikiwa, bonasi hulipwa kwa magari yote yaliyouzwa katika robo hiyo, si lile la mwisho tu. Nimeona meneja akiuza gari kwa hasara tarehe 31 kwa sababu shoruumu ilikuwa imebakiza gari moja tu kufikia lengo. Mteja yule hakujua alichokishika, na angeliweza kuomba zaidi. Mwisho wa Juni, Septemba na Desemba mambo ni yaleyale. Februari na Agosti nazo ni nzuri kwa asiyejali pleti, kwa sababu kila gari lililobaki uwanjani litaonekana la zamani baada ya wiki chache.

Gari la pre-reg ni mtoto wa lengo hilohilo. Lengo lisipofikiwa, shoruumu hujisajilia magari yenyewe ili yahesabike, kisha huyauza yakiwa na maili chache tu za kusogezwa uwanjani. Punguzo lake laweza kuwa kubwa kuliko lolote utakalopata kwa kubishana. Ila wewe unakuwa mtu wa pili kuandikwa kwenye V5C, hati ya usajili wa gari, na dhamana ya kiwanda imeanza kuhesabiwa siku shoruumu ilipojisajilia, si siku uliyochukua funguo. Uliza tarehe hiyo. Gari lililokaa miezi saba limekula miezi saba ya dhamana yako, basi nayo ilipwe kwenye bei. Huchagui rangi wala vifaa pia; unachukua kilichopo. Kwa baba wa watoto wanne anayetaka gari la kukaa nalo miaka kumi, mimi ningekwenda huko bila kusita.

Usiende mahali pamoja tu. Chukua bei ya shoruumu tatu za kampuni ileile, hata ya mji wa mbali, na bei za tovuti za kulinganisha kama Carwow, kisha mpe fursa yule wa karibu nawe aifikie. Wapo ambao hawana la kupunguza, wale wanaouza kwa mfumo wa uwakala, yaani kiwanda ndicho kinachopanga bei moja nchi nzima; Mercedes-Benz waliuingia Januari 2023. Hapo kilichobaki cha kubishania ni thamani ya gari lako la zamani. Kuhusu hilo la zamani, usilitaje hadi bei ya jipya iwe imeandikwa. Wauzaji hupenda kukupa kwa mkono huu na kuchukua kwa ule.

*Dada, nimeona tangazo la gari la petroli la pauni 24,000 kwa mkopo wa asilimia 0, nusu sasa na nusu kwa miezi 36. Mume wangu anasema hapo hakuna riba hivyo hakuna tatizo. Mimi moyo haujatulia. Unasemaje?*
*— Umm Khadija, Barking*

Hukumu ya dini si yangu, mpelekee shehe. Ninachoweza ni kukupa hesabu ya kumpelekea, maana nimeona ndugu wengi wakimuuliza shehe swali nusu na kurudi na jibu nusu.

Nenda shoruumu umwambie muuzaji kwamba mkopo huutaki, unalipa zote leo. Atakwambia bei gani? Tuseme anashuka hadi 22,000. Basi gari lile lina bei mbili: 22,000 kwa anayelipa leo, na 24,000 kwa anayelipa 12,000 leo na 333 na kitu kila mwezi kwa miaka mitatu. Kiwanda ndicho kinachomlipa mkopeshaji riba usiyoiona, na fedha zake hutoka kwenye punguzo ulilonyimwa. Ukiangalia kwa jicho la mfuko tu, kukopa 12,000 kumekugharimu 2,000. Wakati mwingine tofauti hiyo haipo, punguzo la taslimu ni sifuri, na hapo mkopo ni wa bure kweli. Huwezi kujua bila kuuliza.

Mpelekee shehe pia mambo haya mawili ya ndani ya mkataba. Unayepatana naye bei ni shoruumu lakini anayekudai ni kampuni nyingine, na gari ni mali ya kampuni hiyo hadi malipo ya mwisho. Na kuna kifungu cha kuchelewa kulipa. Angalia kama kinatoza riba. Kuna wanavyuoni wanaoruhusu bei mbili, ya taslimu na ya muda, lakini mambo haya mawili yanaweza kubadilisha jibu. Peleka karatasi yenyewe, dada yangu, usipeleke tangazo.

*Mama, nimepatana dizeli ya kazi ndefu, naenda Manchester na kurudi kila wiki. Bei ya orodha ni 39,850, nimeongeza rangi ya metali ya 700, nimepigania punguzo la 3,000 na nitalipa 37,550. Niko chini ya 40,000 kwa hiyo nimeikwepa ile kodi ya magari ya ghali, sivyo?*
*— Dereva, Milton Keynes*

Hapana, mwanangu, na kama hujatia saini leo usilale kabla hujampigia simu muuzaji.

Kodi hiyo haiangalii ulicholipa. Inaangalia bei ya orodha ya kiwanda pamoja na VAT na vitu vyote vilivyofungwa kabla gari halijasajiliwa. Punguzo halihesabiwi hata senti moja. Kwa macho ya DVLA, mamlaka ya usajili wa magari, gari lako ni la 40,550. Kwa viwango vya Aprili 2025, hilo ni pauni 425 juu ya kodi ya kawaida ya 195, kila mwaka kwa miaka mitano kuanzia mwaka wa pili. Mara tano ni 2,125, na viwango hupandishwa. Kati ya 3,000 ulizozipigania kwa jasho, zaidi ya theluthi mbili zitarudi serikalini kwa sababu ya rangi. Chukua ile rangi ambayo kiwanda hakiitozi pesa, bei ya orodha ibaki 39,850, na punguzo lako libaki lako. Nimeumia kila nilipoona wateja wakianguka kwenye shimo hili, kwa sababu muuzaji anaijua kanuni hii vizuri kabisa na mara nyingi hasemi.

Tazama pia gramu za kaboni. Kwa kawaida kodi ya mwaka wa kwanza huongezwa kwenye bei ya mwisho ya gari jipya, na Aprili 2025 ilipanda vibaya: gari la gramu 151 hadi 170 kwa kilomita lilitoka 680 hadi 1,360. Ofa ya kabla ya Aprili na ya baada yake si ofa ileile hata kama punguzo limeandikwa sawa.

Dizeli yenyewe inakufaa wewe wa barabara ndefu. Mpya zote zinafikia kiwango cha moshi cha Euro 6, kwa hiyo ULEZ, ile tozo ya London kwa magari yenye moshi mchafu, pauni 12.50 kwa siku, haikugusi. Ila wasomaji wengine wasimfuate bila kufikiri: ukiendesha dizeli shule na sokoni tu, kichujio cha masizi hakipati joto la kujisafisha, na kukibadilisha kunaweza kula punguzo lote.

*Nimekwenda mahali patatu kutafuta petroli na kila muuzaji ananisukumia gari la umeme. La umeme linapunguzwa maelfu, la petroli mamia. Kuna nini?*
*— Msomaji, Luton*

Kuna sheria. Tangu 2024 kila kampuni kubwa ya magari inatakiwa sehemu fulani ya magari mapya inayouza iwe ya umeme: asilimia 22 mwaka ule, 28 mwaka 2025, 33 mwaka 2026, hadi 80 mwaka 2030, ambapo magari mapya ya petroli tupu na dizeli tupu yatakoma kuuzwa. Anayepungukiwa, na akashindwa kusawazisha hesabu kwa njia nyingine ambazo sheria inaruhusu, hutozwa 12,000 kwa kila gari. Kwa hiyo kiwanda kinaona afadhali kutoa pauni 5,000 kukushawishi uchukue la umeme. Lako la petroli halina mtu wa kulipigania.

Usishurutishwe. Kama unaishi ghorofani na huna pa kuchajia, hilo ni jambo la kweli kuliko lengo lao. Ila omba bei zote mbili za mwisho kwa karatasi moja, kwa sababu pengo la zamani kati ya petroli na umeme limepungua mno kwa baadhi ya modeli. Na uulize kuhusu petroli zilizokwisha fika uwanjani, usiagize ya kutengenezwa. Iliyokaa uwanjani inawagharimu kila wiki, na kwa petroli ndiko ninakopata punguzo la maana siku hizi ninaposaidia jamaa kununua.

*Nimeshakubaliana bei. Sasa wananiletea ulinzi wa rangi wa 499 na bima ya GAP. Nichukue?*
*— Fundi, Slough*

Ulinzi wa rangi kataa. Dawa nzuri ya kupaka mwenyewe utaipata kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. GAP, inayolipa tofauti gari likiibwa au likiharibika kabisa, ina maana kwa mwenye mkopo mkubwa, lakini nunua kwingine. Tangu Septemba 2015 shoruumu hairuhusiwi kukuuzia GAP siku ileile iliyokupa maelezo yake; kwa kawaida lazima zipite siku mbili kamili. Anayekuharakisha leo anavunja kanuni.

*Shikamoo. Nina mpango wa kurudi Mombasa. Je, nichukue gari jipya hapa kwa punguzo zuri kisha nilisafirishe?*
*— Mrejeo, Northampton*

Marahaba. Usukani wa kulia tunao sote, na sharti la Kenya la gari kutozidi miaka 8 halikuhusu kwa gari jipya. Kinachokuhusu ni ushuru. Kwa gari lililokwisha kutumika, KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, hukadiria thamani kwa orodha yake yenyewe ya bei, hukata uchakavu kulingana na umri, kisha huhesabu ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine. Punguzo ulilopata Northampton halimo katika orodha hiyo.

Njia yako ni msamaha wa wanaorejea nyumbani. Uwe umeishi nje angalau miaka miwili, na gari liwe lako na umelitumia huko angalau miezi 12 kabla ya kurudi. Hapo PCP inakuponza: mpaka umalize malipo ya mwisho, gari si mali yako, na huwezi kulitoa nchini bila ruhusa ya mkopeshaji. Ukinunua la pre-reg, miezi hiyo 12 hesabu tangu tarehe V5C ilipoandikwa jina lako, wala usiianze siku shoruumu ilipolisajili. Hati hiyo, risiti ya malipo na barua ya mkopeshaji kwamba deni limekwisha, viweke pamoja na pasipoti kabla hujaita watu wa meli.